Filamu Isiyo na Kikohozi

Mtaani kwetu, hapa Ghana, barabara ya kwenda Mampong, hakuna mtu aliyeweka filamu kwenye deki mbele ya baba mkwe bila kwanza kusikia Anti Kyerewaa amesema nini. Waliothubutu wapo, lakini wengi wao siku hizi wanaishi Kumasi na hawasalimii.

Anti alikuwa muuza uji na maandazi. Alfajiri ungemkuta kwenye karai la mafuta, jasho linamtoka, anawatukana wateja kwa mapenzi: huyu mwembamba apewe mawili, huyu tumbo lake lijisimamie. Jua likianza kuchoma, sinia lilikuwa tupu. Hapo alijifuta mikono, akachukua beseni la maji ya moto yenye chumvi, akaingia kwenye kibanda cha bati cha Kaka Dapaah, akatumbukiza miguu, na kuanza kazi yake ya pili, kutazama filamu.

Kaka Dapaah alikuwa akikodisha diski za filamu za hapa hapa kwetu, zile zinazokuja sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka unasahau ugomvi ulikuwa wa nini. Tena ndiye mwenye ile nguzo ndefu ya chuma yenye spika nne juu, inayotangaza habari za mtaa mzima. Nguzo ikisema fulani amefariki, tunalia. Ikisema mbuzi mweusi wa fulani kapotea, tunanyamaza, maana huenda tumeshamla. Na Jumamosi asubuhi, baada ya vifo na mbuzi, ilikuwa zamu ya Anti Kyerewaa na filamu zake.

Kazi hiyo hakuiomba. Wakati mmoja Dapaah alimkodisha mama mmoja filamu akamwapia kuwa ni ya dini, kwa sababu tu kwenye jalada kulikuwa na msalaba. Mchungaji alikuja kutembelea nyumba ile, filamu ikawekwa. Mchungaji aliondoka bila kugusa kuku. Yule mama alikuja kibandani na mchi wa kutwangia fufu, ule ugali wetu wa mihogo na ndizi, mkononi, na Dapaah akatorokea dirishani. Anti, aliyekuwa jirani na karai lake, akacheka mpaka akakaa chini.

"Badala ya kucheka," Dapaah akamwambia, shati limechanika begani, "si ungekuwa unaniangalizia? Mdomo unao, macho unayo, na wewe kila filamu lazima uitolee maneno."

"Nikiangalia nitasema kweli."

"Sema kweli, Anti, lakini sema polepole."

Hakusema polepole hata siku moja.

Anti hakutumia nyota. Nyota aliwaachia watu wa magazeti, yeye alihesabu kwa vikohozi. Kila nyumba kwetu ina televisheni moja, iko sebuleni, na mbele yake wamekaa baba, bibi, watoto, na jirani aliyekuja kuomba chumvi asirudi kwake. Sasa mwanamume na mwanamke kwenye kioo wakianza kutazamana, na muziki ukapunguza mwendo, lazima mtu mmoja akohoe. Hiyo ni sheria hata kama haijaandikwa. Filamu ya kikohozi kimoja maana yake baba atakohoa na mambo yatapita. Ya viwili, baba atakohoa na mama atakumbuka kitu jikoni. Ya vitatu, kila mtu ataanza kutafuta ndala zake, hata aliyezivaa. Zaidi ya hapo Anti alikuwa hahesabu tena. Alisema tu: "Hii ni ya wenye mlango na ufunguo."

Ungemsikia juu ya nguzo, sauti inapita kwenye mabati: "Hii ya mke wa fundi saa. Mke mkubwa analia tangu mwanzo, hata akila analia. Mume ana uso wa mtu aliyesahau kuzima jiko. Kikohozi kimoja, siku ya harusi. Mwenye presha asiiangalie peke yake." Halafu anahema. "Hii nyingine ni ya wawindaji na simba. Simba ni yule yule wa filamu iliyopita, na amezidi kukonda. Shujaa anapigwa risasi anasimama, anapigwa kofi na mkewe anaanguka. Haina kikohozi. Watoto waangalie, lakini ficheni mapanga."

"Anti, unaniua," Dapaah angelalamika. "Sema hata ni nzuri kidogo."

"Nikisema nzuri kidogo, wewe utabandika mlangoni 'nzuri'."

Kanuni yake ilikuwa moja tu: hatoi neno mpaka ameona lile andishi la mwisho la kumshukuru Mungu, ambalo filamu zetu zote huishia nalo hata kama ndani mwake wamekufa watu kumi na wawili na mchungaji ni mwizi. Ukimwita katikati, haitiki. Ukimwambia nyumba yako inaungua, atakuuliza kama moto unaweza kusubiri sehemu ya pili.

Kanuni hiyo aliivunja mara moja, na ilikuwa kwa ajili ya Ofosu.

Ofosu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Anti ndiye aliyemlea kwa yale maandazi, na sasa alikuwa fundi wa umeme wa magari, mikono myeusi, moyo mweupe, na akili yote iko kwa msichana anayeitwa Pokuaa. Pokuaa alikuwa anasomea uuguzi. Shida haikuwa Pokuaa, ilikuwa baba yake, Mzee Amankwatia.

Mzee Amankwatia alikuwa mzee wa kanisa la Presbiteri, na televisheni yake ilivikwa kitambaa cha kudariziwa kama bibi harusi. Wanasema aliwahi kuzima taarifa ya habari kwa sababu waziri alimshika mkono waziri mwenzake, mwanamke, kwa muda ambao Mzee aliuona mrefu. Nyumbani kwake haikuingia filamu kabla ya kuulizwa swali moja: "Anti amesemaje?" Alimwamini kuliko alivyoiamini kamati ya kanisa. Kwa hiyo Ofosu alipopeleka watu kugonga mlango wa posa, sote tulijua kilichotufanya tusifukuzwe getini ni jina la Anti Kyerewaa. Tuliambiwa turudi Jumamosi kuchukua jibu.

Ijumaa yake Anti yuko kibandani, miguu kwenye beseni, anatazama filamu mpya ya visa na safari, *Mkufu wa Malkia Dufie*. Mkufu umeibwa, mwindaji na binti wa mlinzi wameingia msituni kuutafuta, majambazi wako nyuma. Wamefika mtoni. Wamelala juu ya gogo, wanapiga maji kwa mikono, mamba anakuja. Hapo simu ya Dapaah ikalia. Alikuwa Badu, kaka mkubwa wa Anti, mjomba wa Ofosu, ambaye kwa desturi yetu ndiye msimamizi wa posa.

"Kyerewaa, njoo sasa hivi. Ukoo umeshindwa kukubaliana nguo ya kuvaa kesho. Wamefikia kutukanana wazazi, na wazazi wenyewe ni wale wale."

Anti akamtazama Dapaah. "Imebaki kiasi gani?"

"Kidogo tu. Wanavuka, wanapata mkufu, wanamshukuru Mungu."

"Umeiona?"

"Mimi ni mfanyabiashara, Anti."

Akafikiri huku anajifuta miguu. Baadaye alinieleza hesabu yake: watu wanaokimbizwa na mamba mbele na majambazi nyuma, muda wa kubusiana watautoa wapi? Akaenda. Asubuhi ya Jumamosi, kabla hatujavaa, nguzo ikasema: "*Mkufu wa Malkia Dufie*. Haina kikohozi. Hata kimoja. Hata askofu aangalie."

Mchana tukaenda kwa Mzee Amankwatia. Tulikuwa Mjomba Badu, Anti, Ofosu aliyekuwa ameoga mpaka hatukumtambua, na wengine wetu tuliobeba kreti za soda na kujaza idadi. Chupa zetu za pombe kali za posa zilikuwa mezani tangu siku ya kwanza, hazijafunguliwa. Ndivyo ilivyo. Mwenye nyumba akizipokea, msichana ni wenu. Mkizichukua mkaondoka nazo, msahauliane.

Kwetu baba wa msichana hasemi na wageni uso kwa uso. Anamnong'oneza msemaji, na msemaji ndiye anayeyavalisha maneno nguo. Msemaji wa Mzee Amankwatia alikuwa Kusi, mwalimu mstaafu. Mzee akamwinamia sikioni, akasema neno fupi sana. Kusi akasimama, akarekebisha kitambaa begani.

"Wageni wamefika mtoni," akaanza, "na mto umewaona. Lakini mto una majira yake. Kuna majira ya kuchota, kuna majira ya kutazama maji yakipita. Mto unasema: maji bado yako mlimani."

Mjomba Badu akamgeukia Anti. "Anasema nini huyu?"

"Sijui. Nadhani tungoje mvua."

"Yaani tunafukuzwa."

"Kaka, ngoja kwanza."

"Nimeshafukuzwa kwa Kiingereza, nimefukuzwa kwa mbwa, sijawahi kufukuzwa kwa mto! Chakula kikija nitakula, maana si heshima kukikataa. Nikinawa mikono, tunabeba chupa zetu."

Ofosu alisikia. Alitazama zile chupa kama mtu anayetazama basi lake likiondoka.

Fufu ikaja, na mchuzi mwepesi wa mbuzi unaofukiza pilipili mpaka ukutani. Hakuna aliyezungumza. Ulisikika mtafuno tu, na sisi hata fufu hatutafuni, tunameza, kwa hiyo pima mwenyewe ukimya huo. Mke wa Mzee akaona aibu. Akaondoa kitambaa cha kudariziwa, akasema kwa furaha ya kujilazimisha:

"Tuwawekee wageni kitu cha kutazama. Ninayo ile mpya ya Malkia Dufie. Anti mwenyewe kaisifia leo asubuhi, si ndiyo Anti?"

Anti alikuwa na tonge mdomoni. Likakaa pale pale.

"Ndiyo, mama," akasema lilipokubali kushuka. "Lakini labda wageni wamechoka..."

"Nani kachoka?" Mzee Amankwatia akasema, neno lake la kwanza kwa sauti. "Kama ni ya Anti, wekeni."

Siku zote Anti akirudia filamu aliyokwisha kuitazama anatangulia mbele yake kama kondakta: sasa mwizi, sasa nyoka, mtazameni huyo atakufa. Siku hiyo alifanya hivyo hivyo. "Sasa wanaingia msituni." "Huyo mwenye kofia msimwamini." "Sasa mto." "Sasa mamba." Halafu, gogo likiwa katikati ya maji, Anti akanyamaza. Nikamtazama. Amekamata ukingo wa kiti kama yeye ndiye yuko kwenye gogo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaelewa.

Jambo lilikuwa wazi hata kwangu. Mjomba alikuwa amebakiza matonge machache. Kitu pekee kilichotuweka kwenye nyumba ile kilikuwa imani ya Mzee kwa Anti. Busu moja tu kwenye kioo kile, na Ofosu hana tena mke, hana tena hata jina la kurudia kugonga.

Mwindaji na binti wakafika ng'ambo. Wamelowa. Binti anatetemeka. Mwindaji akawasha moto wa kuni, sijui kiberiti kilikauka vipi. Halafu ikaingia filimbi. Ile filimbi ya polepole. Mtoto mchanga wa Ghana anaijua ile filimbi.

"Mungu wangu," Anti akasema kwa pumzi. "Filimbi."

Mwindaji akavua shati likauke. Mke wa Mzee akamtazama Anti, akatabasamu kwa amani kabisa, kama abiria anayemwamini dereva. Mwindaji akasogea. Binti akasogea. Wakabusiana.

Hawakubusiana kidogo. Walibusiana kama watu wanaolipwa kwa dakika.

Na hakuna aliyekohoa! Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya. Anti alikuwa ametangaza juu ya nguzo, mtaa mzima ukisikia, kuwa filamu haina kikohozi. Ukikohoa umemwita mwongo mbele ya wageni wa posa. Kwa hiyo kila mtu alikizuia. Kusi machozi yalimtoka. Mjomba Badu alivimba shingo. Pokuaa, aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, alilitazama jagi kana kwamba kuna habari ndani yake. Kwenye kioo wale wawili wakapumzika kidogo, tukashukuru, wakaanza upya.

Mzee Amankwatia ndiye aliyeshindwa. Kilimtoka kikohozi cha kanisani, kile cha kunyamazisha kwaya. Na ilikuwa kama mtu amefungua zizi. Mama akakumbuka jikoni. Kusi akaanza kutafuta ndala. Mjomba Badu akasema anakwenda kuona hali ya hewa, Mzee akasema anakwenda kuona mbuzi, wakafika mlangoni pamoja na wakakwama, tumbo kwa tumbo.

"Tangulia."

"Wewe ndiye mwenye nyumba."

"Wewe mgeni."

"Mzee, tutatazama mpaka mwisho tukiwa hapa?"

Wakatoka kwa ubavu. Na mimi nikatoka, nikitafuta ndala nilizozivaa. Wao wakaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, hawakuniona, na mimi sikuona sababu ya kukohoa.

"Unatazama hewa gani?" Mzee akauliza.

"Hii hii. Na mbuzi wako wako wapi?"

"Sina mbuzi."

Wakaegemea tangi. Kisha Mzee akasema kwa uzito, "Dada yako alisema haina kikohozi."

Nikajua yamekwisha. Lakini Mjomba Badu alikuwa na hasira yake mwenyewe, na ya kwake ilikuwa imetangulia.

"Dada yangu kakosea filamu moja. Wewe je? Kijana wetu ana kasoro gani, mpaka tufukuzwe kwa hadithi za mto?"

"Nani kakufukuza?"

"Msemaji wako! Mto, sijui mlima, sijui maji!"

"Mto gani?" Mzee alishangaa kweli. "Mimi nilimwambia maneno manne: binti amalize shule kwanza. Umebaki mwaka mmoja."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Nikifika uzeeni namna hii nimfukuze mtoto aliyelelewa na Kyerewaa? Nani ataniangalizia filamu?"

"Sasa huo mto umetoka wapi?"

"Muulize Kusi. Ukimpa kijiko anarudisha ndoo."

Mjomba alianza kucheka kwanza bila sauti, mabega tu. "Mwaka mmoja! Mzee, mwaka mmoja hata sisi tunauomba. Kijana mwenyewe hana kitanda. Analala juu ya viti vya gari."

"Viti vya gari?"

"Vya nyuma. Vya mbele ameviuza."

Mzee Amankwatia akacheka. Sikuwa nimewahi kusikia sauti hiyo, nilidhani tangi limepasuka. Akajifuta macho kwa pindo la kitambaa. "Badu, tungebaki mle ndani na Kusi, leo tungeachana maadui."

"Kabisa. Nilikuwa nimebakiza tonge moja."

Waliporudi sebuleni walimkuta Anti peke yake ndiye anatazama kioo, kiganja shavuni, Ofosu kulia kwake na Pokuaa kushoto, wote wawili wanasoma sakafu. Kila mtu akakaa. Kusi akasimama, akarekebisha kitambaa begani.

"Mto," akasema.

"Kusi, kaa. Kula," Mzee akamwambia. Kisha akafanya jambo ambalo wazee wa pale watalisimulia muda mrefu: akamtazama Ofosu machoni, akasema naye kwa kinywa chake. "Kijana. Amalize shule. Wewe tafuta kitanda. Chupa nimezipokea."

Anti Kyerewaa alishusha pumzi mpaka kitambaa cha meza kikasogea. Ofosu alitaka kushukuru, akasahau maneno, akamshukuru Pokuaa kwa maji ambayo hajayanywa. Mke wa Mzee akapiga kigelegele jikoni, nasi tukaitikia kwa nguvu za watu waliokuwa wamejiandaa kubeba kreti za soda kurudi nazo.

Kelele zilipotulia, Mzee akageuka taratibu.

"Anti."

"Mzee wangu."

Nikaona Anti amekamata tena ukingo wa kiti.

"Ule mkufu. Waliupata?"

"Waliupata, Mzee."

"Na mamba?"

"Alimla yule mwenye kofia."

"Anastahili." Akamega fufu, akaichovya. "Na wale wawili?"

"Walioana."

"Ilibidi," akasema Mzee Amankwatia, akameza.

Njiani kurudi, Mjomba mbele anaimba nyimbo za kanisa ambazo si za kanisa lake, Ofosu alimshika Anti mkono.

"Anti, kwani ile filamu uliitazama?"

"Niliitazama yote."

"Lini?"

"Leo."

Ofosu alisimama katikati ya barabara. Kisha alimkumbatia huyo mama yake mdogo mpaka kilemba kikamwanguka, na Anti akampiga begani akimwambia amwachie, watu watakohoa.

Jumamosi iliyofuata nguzo ilitangaza kifo kimoja, mbuzi wawili, halafu Anti akachukua kipaza sauti. Dapaah alimwomba asiligusie tena jambo lile, maana diski zote za Malkia zilikuwa zimekodishwa. Anti akamsukuma kwa kiwiko.

"*Mkufu wa Malkia Dufie*," akasema. "Nilisema haina kikohozi. Sikuwa nimeimaliza. Ina kimoja, baada ya mto, kwenye moto wa kuni, na ni kirefu. Anayetaka kuiweka mbele ya wageni wa posa, aache mlango wazi."